Godoro la Matanga

Magoti ya Agar yalichoka kabla yake mwenyewe. Mwezi wa nne sasa alikuwa akipiga magoti katika nyumba za jirani zake wa Bungulu, mjini Beni, na si kwa sala, ni kwa kunguni. Alimulika mishono ya magodoro na nyufa za vitanda kwa tochi, akawatia kunguni kwenye vichupa, akaandika nyumba gani na wangapi. Kila Ijumaa Ananie, mwalimu wa biolojia, alishuka kutoka Butembo kuvichukua. Alitaka kujua wanahamaje, maana dawa watu walipuliza kila mwaka na kunguni wakaioga tu.

Mtaa wenyewe ulishatoa hukumu. Mwenye kosa alikuwa Syauswa, aliyekimbia vita kutoka Manguredjipa na watoto watatu, akapewa chumba cha nyuma kwa Adèle, jirani wa Agar.

"Mbele afike, tulikuwa tunalala muzuri," Adèle alisema. "Nilimuhurumia, mais sasa nimechoka. Siku ya Mungu atoke."

"Ngoja kwanza nione chumba yake," Agar alijibu.

Chumbani hamkuwa na kitanda wala godoro. Kulikuwa na mkeka, sufuria moja na mfuko wa nguo. Agar alitafuta mpaka kiuno kikakataa, akapata kunguni wawili tu, kwenye ukuta unaopakana na chumba cha Adèle.

"Tulikimbia mikono mitupu, mama," Syauswa alisema. "Hata matela tuliacha. Kunguni tungebeba mu nini?"

Swali hilo lilimfuata Agar hadi nyumbani. Kunguni hana mabawa. Asipobebwa hafiki mbali. Alifungua daftari. Nyumba zilizojaa hazikupakana: ya mzee Gérard, ya Malachie ng'ambo ya barabara, ya Adèle. Alizitaja tena, polepole, akagundua kwamba anataja misiba ya mwaka ule, mmoja baada ya mwingine. Adèle alimzika mama yake wiki moja tu kabla Syauswa hajafika.

Msiba ukitokea, wasichana wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba kuazima magodoro ya wageni watakaolala matanga. La kwanza kubebwa lilikuwa la Agar, mkubwa wa kina mama wa kanisa, lile la chumba cha wageni ambalo yeye hakulilalia kamwe. Miaka ishirini hakuwahi kulinyima, na lilikuwa fahari yake. Nyumba zote alizimulika isipokuwa yake. Mganga hajigangi.

Alilikokota hadi uani, akafungua mshono. Madoa meusi, mayai meupe, na kunguni wenyewe, wamejipanga wakisubiri msiba mwingine. Agar alikaa chini akalia kwa haya. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua, na Jumapili, siku ya Mungu, Syauswa angefunga mfuko wake.

Siku hiyo, baada ya ibada, alisimama mbele ya kina mama.

"Kunguni hapana za Syauswa," alisema. "Zilitembea mu matela yangu, ku kila kilio. Ni mimi niliwaletea. Munisamehe."

Adèle alitazama miguu yake mwenyewe. "Donc, hata ku kilio ya mama yangu?"

"Hata kule."

Syauswa akabaki. Ananie alifurahi, akachora mistari mingi kwenye ramani yake. Agar hakuwa na nguvu ya kufurahi.

Mwezi uliofuata mtu alifariki mtaani. Wasichana walipita asubuhi na magodoro vichwani, wakaupita mlango wa Agar bila kugeuza shingo. Alisimama pale kizingitini mpaka walipoishia. Iliuma kuliko kunguni.

Bado alikuwa pale Syauswa alipokuja.

"Mama Agar, ile matela, kama hakuna mwenye anaiomba, unipatie mimi."

"Iko na kunguni, mutoto yangu."

"Najua. Maji tayari iko ku moto, na jua ni kali. Batoto banalala chini tangu tufike."

Agar alishika upande mmoja, Syauswa akashika wa pili.