Mama Aliyetafuta Udongo Kola

Mimi si mlevi wala si mtu wa kuona mambo. Nimefundisha historia sekondari huku Kola tangu miaka ya tisini, na hili lilinipata mwenyewe, mama mkwe wangu akiona. Ukikataa, ni sawa.

Siku hiyo nilikuwa nimefundisha Kidato cha Nne jinsi Wazungu wa kwanza walivyovuka bahari kwenda kuishi Amerika. Wiki nyingi kwenye meli ya mbao, watu wamerundikana kule chini gizani, maji ya kunywa yameoza, wanategemea upepo tu. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, waliokufa njiani walizikwa wapi?" Nikamwambia walitupwa baharini. Kisha nikageukia ubao nikaanza kufuta, kwa sababu mwaka huo huo nilikuwa nimemzika Mutheu, kifungua mimba wangu, kabla hajatambaa.

Jioni nikapanda mlima kwenda nyumbani. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu tele lakini mvua hakuna. Penye kona nikamkuta mwanamke wa Kizungu, gauni refu linaburuta, amelowa chapachapa. Nilidhani ni mmishonari aliyetumbukia bwawani. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Akanijibu kwa Kikamba, tena Kikamba cha hapa kwetu. Niamini.

"Mama, hapa ni nchi kavu?"

"Kavu kabisa."

"Niko na mtoto. Wanaume wa melini walitaka kumtupa, nikamficha nguoni. Nipe udongo kidogo tu."

Miguu ilitaka kukimbia. Lakini alikuwa amebeba kifurushi cha nguo zilizolowa, vile nilivyombeba Mutheu kutoka hospitali, kichwa begani, kana kwamba bado anaweza kuamka. Wewe ungekimbia?

Nikampeleka nyumbani. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta maharagwe. Ungo ukamwanguka.

"Huyo ni wa nani? Unaleta maiti usiyoijua hapa bomani? Unatutafutia laana!"

"Mwaitu, mama yangu, ni mtoto," nikasema. "Hana mahali pa kulala."

Nikachukua jembe, nikaanza kuchimba kando ya kaburi la Mutheu. Jembe likawa linagonga mawe tu. Mama mkwe alinitazama, kisha akaninyang'anya. "Toka hapo. Unachimba kama mtu wa kupanda viazi." Akachimba yeye, akilia.

Yule mwanamke akamlaza mtoto mwenyewe. Akachota udongo mwekundu, akaunusa kwa muda mrefu. "Ni udongo kweli," akasema. Tulipomaliza kufukia tukainua macho, hayupo. Hata lango halikulia.

Mpaka leo, kila kiangazi, kaburi la yule mtoto hutoa chumvi nyeupe juu, mbuzi wanakuja kuilamba. Imebidi tuzungushie miiba. Mama mkwe alipalilia makaburi yote mawili mpaka alipofariki, na alipoulizwa alisema anawapalilia wajukuu zake.

Na wewe, ukikutana na mama amebeba mtoto wake hivyo, usimwulize kabila, usimwulize ametoka wapi. Jirani yetu wa ng'ambo ya bonde alikuja kuniambia baadaye kwamba yule mwanamke alianzia kwake, na yeye akamwachilia mbwa. Kisima chake kilikuwa na maji matamu kuliko vyote huku. Siku hizi ni chumvi tupu, hata punda wakipelekwa pale wanageuza shingo.