Supu ya Mama Paluku

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila nifungapo sufuria kwa kikwembe. Nilikuwa na miaka minane, nikijiona mwenyeji wa Butembo nzima. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikiteremka na mizigo yake, nilijua pa kupisha. Njia za mkato nilizijua kuwapita kaka zangu. Basi kichwa kikawa kikubwa.

Mke wa mjomba, wa kule Mavivi, alikuwa amejifungua kwetu mjini. Sikuwahi kumwona. Mama akanikabidhi supu ya kuku nimpelekee wodi ya wazazi.

"Peleka ku maternité, patia Mama Paluku. Uulize muzuri..."

Hakumaliza, nilishafika barabarani.

Nawe unatujua Wanande: kifungua mimba wa kiume ni Paluku hapa, Paluku kwa jirani. Kwenye chumba cha kwanza nikaita, "Mama Paluku?" Mwanamke mmoja akainua mkono. Niliona haya kumhoji mtu mzima. Nikamwachia supu, nikaenda kucheza.

Jioni nilirudi na mama. Mke wa mjomba tulimkuta chumba cha pili, mtoto analia kifuani, maziwa hayatoki.

"Supu ilikuwa tamu?" mama akauliza.

"Supu gani, yaya?" akajibu, akimwita mama dada mkubwa. "Tangu asubui sijakula kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mara akaja yule wa chumba cha kwanza, sufuria yetu mkononi, imeoshwa.

"Mutoto, wasingya," akanishukuru. "Miye natoka Musienene. Tangu jana hapana mutu wa kwetu alifika."

Mama alinigeukia. Nilijua kiboko kinakuja. Mke wa mjomba akamzuia.

"Hapana kumupiga, yaya. Alilisha mwenye njaa." Kisha akaniangalia mimi. "Lakini wewe, jina ni ya batu bengi. Uliza na ya pili: wa wapi, muke ya nani?"

Kesho yake mama alipika sufuria mbili, zote za Mama Paluku. Mlangoni niliuliza mpaka muuguzi akachoka nami.

Kuuliza si ujinga, mwanangu, wahenga walishasema. Mimi naongeza: usiridhike na swali moja. Haya yangu ya dakika moja ilimshindisha mzazi na njaa, na kichanga chake pia.

Haya, nenda ulikotumwa. Mungu akupe miguu myepesi na mdomo usioona haya. Na siku utakapokosea, maana utakosea, kosa lako nalo limshibishe mtu.