Kuku wa Kabla ya Leseni

Biashara huanza siku gani? Karani wa kodi kutoka bomani alimuuliza baba swali hilo mbele yetu sote. Msimu ule nyumba yetu ya Segese ilinuka dizeli na pumba za moto, harufu ya mashine mpya ya kusaga. Kwangu biashara ilianza siku mashine iliposhushwa kwenye treni pale Isaka, ikaletwa kwa mkokoteni huku maksai wakitoka povu. Kwa mama ilianza siku baba alipouza ng'ombe wa kwanza. Kwa karani ilianza siku leseni ilipogongwa muhuri, basi. Nayo leseni ilichelewa. Wiki nyingi mashine ilisaga pumba na mtama wetu wenyewe ili mawe yake yalainike, na unga ule wenye changarawe tukaumwaga.

"Dizeli ya majaribio, ujira wa fundi, mkanda uliokatika, vyote ni vya kabla ya kufungua," karani alisema. "Hivyo sikupunguzii kwenye kodi, mzee. Labda ungekuwa umeshaanza kusaga kwa malipo."

"Bila leseni?"

"Bila leseni kuna faini."

Kodi aliyoitaja ingewachukua ng'ombe wetu wawili wa mwisho, na mdogo wangu mgonjwa aliishi kwa maziwa yao. Karani akasema atalala kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, na asubuhi atapita kuchukua jibu. Jioni ile ugali ulipoa mbele ya baba. Huyu ndiye aliyetulea kwa methali moja, njia ya mwongo ni fupi, na fimbo yake ilikuwa fupi zaidi. Wazee husema ng'ombe haelemewi na nundu yake. Mimi nilimwona baba ameelemewa, nikajiuliza waliosema hivyo waliwahi kulipa kodi gani.

Asubuhi karani alikuwa hajafungua mkoba wake alipotokea Mama Kulwa, jirani yetu mjane, ameshika shavu.

"Mwangaluka, Baba Limi! Unga wako wa majaribio umenivunja jino. Nimekupa kuku mzima, nawe unanilisha mawe?"

Karani akainua kichwa. "Kuku? Kabla ya leseni?"

"Leseni inatafunwa? Mimi nasema jino!"

Waliokuja kusaga wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Karani akamgeukia. "Mzee, ulipokea kuku?"

Kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwetu nilimnyonyoa mimi. Huyo sikumjua. Nikafungua mdomo, na vidole vya mama vikazama begani mwangu hadi nikasikia mfupa. Mashine ilikuwa imezimwa. Baba alitazama vidole vya miguu yake.

"Nilipokea," akasema.

Karani akaandika. Biashara yetu ikawa imeanza na kuku. Gharama za majaribio zikakatwa kwenye kodi, faini ikameza mbuzi, ng'ombe wakabaki zizini.

Leo nimetoka chuo kikuu, na vitabu nilivyosoma hulijadili swali la karani kurasa kwa kurasa, bila kumtaja mtoto anayesubiri maziwa. Wenye vibanda vipya pale Shinyanga mjini bado husimama mbele ya meza za ofisi wakieleza walichotumia kabla ya mteja wa kwanza. Siku hizi hakuna anayelipa kwa kuku, lakini bado mwenye muhuri ndiye anayeamua kitu kimeanza lini. Miaka yote nimeisimulia asubuhi ile kama siku jirani mropokaji alipomtega mtu mkweli, akamlazimisha kusema uongo mbele ya watoto wake. Nilimwonea baba huruma. Mwaka jana, baba akiwa ameshazikwa, mama aliniambia ni nani aliyemfundisha Mama Kulwa maneno yale, hadi la jino. Ni baba.