Nilimweka Mama Yangu Kwenye Meza ya Wafu, Naye Yuko Hai

Kosa ni langu na sina wa kumsukumia. Nilimuua mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu walionikaribisha kwao kwa moyo safi. Nawaandikia ninyi nisiowajua, maana wanaonijua hapa Durban wameshanichoka.

Mama anasuka nywele kwenye saluni moja mjini. Tunaishi mtaa wa Sydenham, mimi na yeye tu, tangu tulipotoka Bukavu nikiwa mgongoni. Mwaka jana kikundi cha utamaduni cha chuo chetu kilialikwa Korea, kila mwanafunzi akae na familia ya huko, na mimi nilikuwamo. Mama alipanga foleni nami kwenye ofisi ya wakimbizi mpaka karatasi yangu ya kusafiria ikatoka. Saluni nzima ilijua mtoto wake anapanda ndege.

Tuliambiwa kila mmoja abebe zawadi ya familia itakayompokea. Wenzangu walinunua shanga za Kizulu, zikafungwa kwenye maboksi yenye utepe. Mama alifungua sanduku lake akatoa kitenge chake cha zamani, kile alichonibebea njiani tulipokimbia. Alikifua, akakipiga pasi, akakitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Utamupatia ule mama wa kule," aliniambia. "Iki kikwembe njo kitu ya mzuri niko nayo."

Niliona aibu, jamani. Kilikuwa kimepauka, na pembe moja ilikuwa na tundu la moto. Safari nzima nilikificha chini kabisa ya begi.

Siku niliyofika, mama mwenyeji wangu alinikalisha sebuleni na mumewe. Tulikuwa tunaongea kwa simu: wewe sema Kiingereza, yenyewe inatafsiri Kikorea. Nilipokikunjua kitenge, nikaona macho yake yameenda kwenye lile tundu. Labda hakuwa na neno lolote. Lakini mimi nilishaungua kwa aibu, na mdomo ukanitangulia. Nikasema ni kitenge cha marehemu mama yangu.

Hapo hapo kitambaa kikapanda cheo. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kifuani, akalia. Na mimi nikalia. Sijui yale machozi niliyatoa wapi.

Kuanzia siku hiyo akawa ananiita binti yake. Alinichagulia vipande vizuri vya nyama, akanisimulia habari za mama yake mwenyewe aliyefariki. Wenzangu walikuwa wageni kwa wenyeji wao, mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani. Nilinogewa, sifichi. Mama akinipigia kutoka Durban natoka nje kuongea, na nikirudi ndani nasema alikuwa mama mdogo.

Sikukuu yao ya mavuno ilipokaribia, mwenyeji wangu akaniomba picha ya mama. Hapo ningeweza kusema ukweli. Badala yake nilipekua simu nikachagua picha nzuri, mama anatoka kanisani na kilemba cheupe, anacheka.

Asubuhi ya sikukuu nikakuta meza imepangwa matunda, samaki na nyama. Juu yake kulikuwa na picha mbili kwenye fremu, ya mama yake na ya mama yangu. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri chini ya picha ya mama. Mbele ya kila picha paliwekwa bakuli la wali, na kijiko kimesimamishwa katikati ya wali.

Waliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Na mimi nikainama, tena mara mbili. Kisha tukatoka wote na mlango ukafungwa. Nikauliza kwa nini tunatoka, simu ikanisomea jibu lake: "Tunawaachia wafu nafasi wapate kula."

Nilisimama pale nje ya mlango. Mama yangu alikuwa amelala kitandani kwake Sydenham, na huku ndani alikuwa amekaribishwa chakula.

Mwalimu tuliyesafiri naye alikuwa anazunguka kwenye familia zote kupiga picha. Aliipenda ile meza. Akazituma picha zote kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Mama alinipigia siku hiyo hiyo. Hakupaza sauti.

"Iyo meza ni ya nani?"

Nikamuuliza meza gani.

"Nakuuliza, iyo meza ni ya nani?"

"Ya wafu wao, mama."

"Na mi niko nafanya nini pale?"



Niliporudi hakuja kunipokea uwanja wa ndege. Nyumbani nilikuta ameondoa picha zake zote ukutani. Mchungaji alimwambia picha ni karatasi tu, naye akaitikia amina. Lakini pale saluni maneno yameshaenea kwamba nilimtoa mama kafara ili nipande ndege. Zamani kila Jumamosi nilimsuka mimi. Sasa haniruhusu nimguse kichwa. Nikipika, anasema ameshiba.

Na anakonda. Daktari anasema ni presha, mama anaitikia, akifika nyumbani vidonge anaviweka pembeni.

Mwezi uliopita mwenyeji wangu aliniandikia. Sikukuu inakaribia tena, amenunua fremu mpya, na mama yangu atatengewa bakuli lake kila mwaka maadamu yeye yuko hai. Mama alinikuta nayo, akanilazimisha nimsomee.

"Mwambie mi ni muzima," akasema. "Hapana. Nichukue video, nitamwambia mwenyewe."

Akakaa kwenye kiti, akavua kilemba ili aonekane vizuri. "Mi njo mama wa uyu mtoto. Niko muzima. Mama, tafazali, nitoe pale." Nikaituma, na chini yake nikaandika kwa Kikorea cha simu maneno yake na uongo wangu wote, tangu lile tundu la kitenge. Nikaomba msamaha.

Ameisoma. Alama za bluu zilitokea palepale. Hajajibu. Simlaumu, maana alimlilia mtu aliye hai, akampa nafasi kando ya mama yake. Nimewaumiza mama wawili kwa kuonea aibu kitambaa.

Wewe unayesoma hapa, kama unatoka kwenu kwenda kwa watu, usimzike mzazi wako ili upendwe. Useme ni maskini, useme anasuka nywele, useme kitenge ni kikuukuu na ndicho alichonacho. Usiseme amekufa. Kuna watu watakuamini na kumwandalia.

Sikukuu yao ni wiki ijayo. Kila asubuhi mama anasimama mlangoni kwangu kabla ya kwenda kazini.

"Amenitoa?"

"Bado, mama."