Filimbi ya Ghizlan na Saa ya Bibi Tahra

Ghizlan alikuwa na miaka kumi na minne, miguu iliyozidi urefu wa kila suruali aliyonunuliwa, na timu ya watoto saba wa miaka minane. Mmoja wa hao saba ni mwanangu Nizar. Mimi ni mshonaji, nakaa vichochoro vitatu kutoka uwanjani, hapa hapa mjini Sefru, na nakiri mapema kwamba subira sikujaliwa. Mtajionea wenyewe.

Uwanja wetu uko nyuma ya hamamu, bafu la mtaa la maji moto. Magoli ni magogo tuliyoazimwa na mchoma kuni wa hamamu, kwa sharti kwamba baridi ikizidi anayachukua. Mwenye ligi ni Si Lahbib (Si kwetu ni kama Bwana), mzee aliyestaafu kazi ya kusoma mita za maji, na ligi yake ina utaratibu ambao sijauona kwingine. Mtoto akitimiza miaka kumi na mitatu, kucheza na wadogo basi. Akitaka kubaki karibu na mpira, anakabidhiwa filimbi na watoto saba, awafundishe mwaka mzima bila malipo. Akiumaliza mwaka, ndipo anapokelewa timu ya wakubwa. Sisi watu wazima hatuna sauti. Kando ya uwanja kuna mstari wa chokaa, na wazazi tunasimama nyuma yake tumefunga midomo. Si Lahbib mwenyewe anakaa nyuma ya mstari huohuo, kwenye kiti cha plastiki, akitafuna mbegu za alizeti.

"Mnaotaka kufundisha," hutuambia, "rudini kwanza muwe na miaka kumi na mitatu."

Mwanzoni Ghizlan alikuwa balaa. Alipiga kelele mazoezi mazima, filimbi haitoki mdomoni. Wiki ya kwanza watoto wawili walilia na mmoja alikwenda kujificha kwenye kuni za hamamu, akatolewa huko mweusi tii. Mazoezi ya tatu sauti ikamkauka kabisa. Sasa afanyeje? Akachuchumaa, akaanza kunong'ona. Wale saba, kwa kutaka kusikia anasema nini, wakamsogelea mmoja mmoja mpaka vichwa vikagusana. Sauti ilirudi baada ya siku mbili, lakini kunong'ona hakuacha.

Kisha akawagawia kazi. Huyu abebe mpira, huyu maji, yule ahesabu fulana. Nizar wangu, ambaye ukimtuma mkate lazima umkumbushe mara tatu, alipewa kazi ya kupiga hodi. Siku ya mechi Ghizlan anakuja mlangoni kwetu, anasema neno moja tu, "Muda," na Nizar anachomoka kwenda kugonga milango sita. Hakuna mtoto aliyetoka kwao kabla Nizar hajagonga. Walikuwa wameapiana hivyo, na watoto wa umri ule wakiapa wanaapa kweli.

Tatizo lilitoka kwenye saa. Ramadhani ikikaribia serikali yetu huirudisha saa nyuma kwa saa moja, na Jumapili baada ya Idi huisogeza mbele tena. Bibi Tahra, bibi yake Ghizlan anayekaa naye, hajawahi kuitii. Saa yake ya ukutani haiguswi mwaka mzima.

"Jua halijahama," husema. "Mimi nihame niende wapi?"

Kwa hiyo saa ile hukosea miezi kumi na mmoja na kupatia mmoja. Siku za kawaida Ghizlan huongeza saa moja kichwani bila hata kufikiri. Lakini Ramadhani nzima saa ya bibi ilikuwa sawa na ya dunia, na msichana akazoea kuiamini.

Fainali ilipangwa Jumapili ile ile ya kusogeza saa, saa nne asubuhi. Watoto wa Ghizlan hawakuwa wamewahi kufika fainali. Nizar alilala na soksi za mechi.

Asubuhi nilikaa kwenye cherehani nikisubiri hodi. Nizar alikuwa kizingitini, viatu tayari, kamba zimefungwa mara mbili. Saa nne ikapita kwenye simu yangu. Nikajisemea mechi imeahirishwa, ya watoto haya, wanajua wenyewe. Saa nne na nusu Ghizlan akatokea, nywele kazibana vizuri, uso unang'aa.

"Muda," akasema.

"Muda wa nini?" nikamuuliza. "Si mmeahirisha?"

"Nani kaahirisha, mama Nizar? Bado nusu saa."

Nikamwonyesha simu. Aliitazama, akanitazama, akaitazama tena. Nizar hakungoja kuelezwa. Alishakimbia kugonga milango.

Tulipofika uwanjani mambo yalikuwa yamekwisha. Timu ya Anuar, kijana wa miaka kumi na minne, ilisubiri dakika kumi na tano kama sheria inavyotaka, ikapewa ushindi. Watoto wake walikuwa wamekaa chini wanapokezana kombe la bati, wamelijaza juisi ya machungwa. Wa kwetu walisimama katikati ya uwanja kama waliosahauliwa, na kidevu cha Nizar kikaanza kutetemeka.

Hapo ndipo nilipochafukwa. Nikaenda moja kwa moja mpaka alipo Ghizlan, nikamwaga yote. Nikamwambia watoto wamejinyima kulala, nikamwambia mtu asiyejua kutazama saa asipewe watoto wa watu, nikamwambia na mengine ambayo siyarudii hapa kwa sababu naona haya. Wazazi wengine walikuwa nyuma yangu wakiitikia.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema polepole, "Mama Nizar, umevuka mstari."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimeuacha mstari wa chokaa hatua kumi nyuma. Si Lahbib alikuwa ameacha kutafuna. Nikarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya chokaa.

Ghizlan akachuchumaa. Safari hii hakunong'ona, alitaka tusikie wote.

"Nyinyi hamkuchelewa," akawaambia watoto wake. "Nizar hakuchelewa, wala mama zenu. Nimetazama saa ya bibi, nikasahau kwamba saa imebadilishwa leo. Ni mimi peke yangu."

Halafu akainuka, akamwendea Anuar. "Kombe lenu, sheria ni sheria. Ila tucheze, basi. Wasirudi nyumbani hawajagusa mpira."

Anuar alikuwa akichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Nilijua tu ni saa ya bibi yako," akasema. "Mji mzima tunaijua. Ningeweza kutuma mtoto aje kuwaita, dakika tatu tu. Sikutuma." Akageuka. "Haya, wekeni juisi chini. Kuna mechi."

Wakacheza. Tukashinda tatu kwa mbili, Nizar akazuia penalti kwa tumbo. Na baada ya filimbi ya mwisho, watoto wetu wakaja mbio kwa Ghizlan wakiuliza kombe liko wapi, naye ikabidi awaeleze upya kwamba wameshinda na kombe halipo. Kama wangefungwa ingekuwa nafuu kwake. Niliona jinsi alivyowajibu mmoja mmoja, na moyo wangu ukaniuma, maana nilijua nusu ya uzito ule nimeuongeza mimi.

Jioni ile, kama Si Lahbib alivyonisimulia baadaye, Ghizlan alikwenda nyumbani kwa mzee kurudisha filimbi.

"Haipokelewi hapa," mzee alimwambia mlangoni. "Ulipewa uwanjani, mbele ya timu. Itarudi uwanjani, mbele ya timu. Jumatano, siku ya mazoezi."

"Na kama timu haitakuja?"

"Hapo utakuwa huna wa kumrudishia mbele yake, utabaki nayo." Akafunga mlango akacheka ndani. Mzee yule ana roho ngumu.

Mazoezi huanza saa kumi na moja jioni. Jumatano ile saa tisa na nusu, Nizar alivaa viatu.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Kupiga hodi."

"Nani kakuambia muda?"

"Hakuna," akasema, akaenda.

Nikatupa mkasi, nikamfuata kwa mbali. Alibisha hodi kwenye milango sita, na kila mlango ukatoa mtoto. Mmoja alitoka na kipande cha msemen, chapati yetu ya kukunja, mdomoni, mamaye anamkimbiza na sweta. Saa kumi kamili walikuwa uwanjani wote saba, wamejipanga mbele ya gogo, fulana zimehesabiwa.

Ghizlan alikuja saa kumi na nusu. Nadhani alitaka kuwahi ili, kama hakuna atakayekuja, ajue kabla wazazi hatujafika. Filimbi ilikuwa mkononi, kamba ameizungusha kwenye vidole. Alipowaona akasimama.

"Mnafanya nini hapa sasa hivi?"

"Tumekuja mapema," Nizar akasema, "ili saa yoyote itakayokuwa ya kweli, ya kwako au ya bibi, itukute."

Si Lahbib akaangalia upande mwingine, akapekua mfuko wake wa mbegu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ghizlan akaivaa kamba shingoni, akachuchumaa, na vile vichwa saba vikamzunguka.

Mimi nilisimama mahali pangu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, ya kuomba radhi, nimeyapanga tangu Jumapili, lakini hapakuwa mahali pa kuyasema kwa sauti. Alipoinuka kupuliza filimbi aliniona. Akanitazama miguu kwanza. Vidole vyangu vilikuwa nyuma ya chokaa, vyote kumi. Ndipo akanitazama usoni, akacheka, akapuliza.