Mama Mkwe wa Miaka Kumi na Sita

Mama Godelieve alijaliwa mama wakwe wawili. Wa kwanza alimzika mwenyewe, akamtupia udongo kwa mikono yote miwili, akalia inavyotakiwa. Wa pili alizaliwa miaka miwili baadaye, kilo tatu na nusu, akipiga kelele, na Didier, mtoto wa Godelieve, akampa binti yake mchanga jina la marehemu: Henriette. Hivyo mapumziko ya Mama Godelieve yalidumu miaka miwili tu.

Kwani katika ukoo ule anayechukua jina huchukua na heshima yake. Mama Godelieve hakula akitazamana na mjukuu wake. Alimpa sahani huku amekunja goti. Siku mtoto, akiwa na miaka saba, alipokuwa akiwarushia mawe bata wa jirani, bibi yake alisimama mlangoni, akainamisha macho, akasema: "Mama mukwe, ninaomba, kama unaona ni vizuri, uache hao bata wa watu." Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mtoto naye hakuwa mjinga. Alijifunza mapema kwamba katika nyumba hii hakuna wa kumgusa.

Henriette wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kongolo, amelelewa na masista, anajua kushona maua kwenye foronya, na alisema "bonjour" hata kwa mbuzi. Godelieve alikuwa binti wa wavuvi wa Zongwe. Alipofika Kalemie kuolewa na Patrice, karani wa stesheni ya treni, mama yake Patrice alimpokea mlangoni, akavuta pumzi kwa pua, akamgeukia mwanawe na kumuuliza kama wasichana wa mjini wamekwisha. Tangu siku ile Godelieve alinawa mikono kwa ndimu asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka thelathini.

Sasa Jumamosi moja mjukuu aliingia na daftari, akakaa kwenye kiti cha mgongo, kile cha heshima, akitafuna shingamu.

"Kambo," alisema, maana ndivyo wanavyomwita bibi, "mwalimu wa historia anataka historia ya familia. Pointi makumi mbili. Papa ameshanipa yote, kurasa mbili. Imebaki muzee mumoja aweke sahihi kama ni kweli. Weka hapa tu."

Mama Godelieve alivaa miwani akasoma. Kichwa cha habari kilipigiwa mistari miwili kwa rula: *Familia ya Reli*. Papa Patrice, iliandikwa, alikuwa mtu mkubwa stesheni. Miaka ya vita, wengine walipokuwa wanachemsha majani, yeye aliwalisha watu kumi kwa mshahara wake. Kila mwisho wa mwezi alirudi na gunia la unga begani na kofia ya reli kichwani. Jina la Godelieve alilitafuta sana, akalikuta mara moja: "Alimuoa Godelieve, akazaa naye watoto saba." Kati ya kuoa na kuzaa palikuwa na koma. Ndani ya koma ile alikaa yeye na ujana wake wote.

Akaweka kalamu chini.

"Nani alikuambia unga ulitokea kwa reli?"

"Papa."

"Papa yako alikuwa na miaka kumi na mbili. Kazi yake ilikuwa kukula."

"Basi sema weye, niandike."

Mama Godelieve akamrudishia daftari.

Haikuwa kwamba hakuwa na la kusema. Miaka ile treni ziliacha kufika, na majani yakaota katikati ya reli mpaka mbuzi wakanenepa. Kila asubuhi Patrice alivaa kofia, akaenda ofisini, akafuta vumbi mezani, akaandika kitabuni kwamba leo treni haikufika, akarudi. Aliyekuwa na kazi ni Godelieve. Alichukua ndagala, dagaa wa ziwa, ufukweni, akawaanika kwa jirani ili nyumba isinuke, akawafunga juu ya baiskeli na kuisukuma kuelekea mji mdogo wa Bendera, na huko akabadilisha ndagala kwa unga. Kila alipoondoka, mama mkwe aliambiwa kwamba Godelieve yuko kwenye mafungo ya sala. "Mwanamuke anayesali hivi," mama mkwe alisema, "ana zambi nyingi."

Gunia lililetwa kwanza stesheni, kwa mlango wa nyuma. Patrice akalibeba kutoka pale, kofia kichwani, akipita katikati ya barabara kabisa ili aonwe. Ndiye aliyemwapisha mkewe. "Mama asijue," alimwambia. "Akijua ni weye unatulisha, atakufa na haya." Godelieve aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba mama mkwe hatasikia neno hili kinywani mwake.

Kiapo chenyewe kilikuwa chepesi. Angeweza kumwambia askofu, angeweza kutangaza sokoni. Katika dunia nzima mtu mmoja tu hakutakiwa kusikia, na mtu huyo sasa alikuwa amekaa mbele yake na daftari, akipasua shingamu.

"Siwezi kukuambia," alisema.

"Juu ya nini?"

"Niliapa kama hautajua."

"Miye?"

"Weye."

"Kambo! Nilikuwa sijazaliwa!"

"Ndiyo vile unasemaga kila siku ukitaka kukimbia mambo."

Henriette alikuna kichwa kwa kalamu. Kazi ilitakiwa Jumatatu. Kisha akatema shingamu kwenye karatasi, akanyoosha mgongo, akakutanisha magoti kama mtu aliyelelewa na masista, na kusema kwa sauti ya juu puani:

"Mukwe wangu Godelieve. Miye mama mukwe wako ninakutoa katika kile kiapo. Sema."

Mama Godelieve alilipima jambo hilo bila haraka. Aliyemwapisha ni Patrice. Na Patrice, katika maisha yake yote mpaka anazikwa, hakumkatalia mama yake hata mara moja. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Akasema yote. Alisimulia kuhusu baiskeli, mvua iliyomkuta njiani na ndagala wakaoza, na mlango wa nyuma wa stesheni. Kalamu ya mtoto ilikuwa imesimama.

"Na hakujua? Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Miaka ine. Kitu kimoja tu kiliniumiza. Kila mwisho wa mwezi, akionja tonge la kwanza la bukari, alikuwa anasema mbele ya watoto wote: 'Patrice, umwambie chef wako wa stesheni, unga wa reli siku hizi unanuka ndagala.' Kunitukana miye. Sababu ya mikono yangu."

Henriette aliandika neno moja, "unga", akalipigia mstari.

"Kambo," alisema taratibu. "Alijua."

Mama Godelieve alivua miwani. Nje mtu alikuwa anapiga msumari kwenye bati. Akapiga, akaacha, akapiga tena. Mtoto alisogea kidogo, akidhani sasa bibi atalia, tayari kumshika bega.

Bibi hakulia. Alisimama.

"Alijua! Alijua, na akakula miaka ine, hata aksanti moja?" Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita alimnyooshea mama mkwe wake kidole. "Weye! Miye ninasukuma baiskeli, weye unanusa bukari! Mara ngapi uliniona ninanawa ndimu? Ukanyamaza!"

Henriette alirudi nyuma mpaka mgongo wa kiti. Angeweza kusema ana miaka kumi na sita. Angeweza kusema alikuja kutafuta sahihi tu. Lakini kidole kilikuwa mbele ya uso wake, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kukijibu. Akainamisha macho.

"Nilijua, Godelieve," alisema. "Haya ilinikaba. Aksanti kwa ule unga."

"Basi," alisema Mama Godelieve, akakaa, kama mtu aliyejibiwa kwamba leo sokoni sabuni hakuna.

Mtoto alichana zile kurasa mbili. "Papa atakasirika sana," alisema.

"Akasirike. Alishashiba."

Akaandika upya, na bibi yake akifuata kila neno kwa kidole: aliyelisha familia miaka ya vita ni Godelieve, binti wa Zongwe, kwa ndagala. Mama Godelieve akachukua kalamu na kuweka sahihi, pole pole, kwa herufi kubwa zilizojaza mstari mzima na kuvuka pembeni. Alitazama kazi yake, akaanza kulirudisha daftari, kisha akalivuta tena.

"Ongeza: mama mukwe alijua," alisema. "Wasifikiri nilidanganya muntu mujinga."