Springi za Gari Lililojaa

Springi za gari nilizijua kwa makalio kabla sijazijua kwa macho. Mume wangu alikuwa na Corolla kuukuu ya kubeba abiria kati ya Palma na Mocímboa, na mie nikipanda nilikuwa nakaa mbele pembeni yake, nimempakata mtoto wa mtu au nimebana ndoo ya samaki kwa miguu. Kila shimo la njia ile lilipita mgongoni mwangu. Nikishuka nilikuwa namwambia springi ipi imechoka, ya kulia au ya kushoto, naye akiingia uvunguni kuangalia anakuta ndiyo hiyo hiyo. Basi akawa ananitania kwa watu kwamba ameoa fundi asiyeshika spana.

Hii ni miaka ile ya gesi, kabla ya vita. Wageni walijaa kwenye nyumba za kupanga, kuku mmoja akauzwa bei ya kukutia haya, na kila kijana wa Palma akawa anasubiri kazi. Kazi zenyewe zilikuwa zinashuka zimeshakuwa na watu wake, kutoka Maputo, kutoka Nampula, kutoka ng'ambo huko, na sisi wenyeji tukaambiwa tuvute subira. Mume wangu subira hakuwa nayo. Alikwisha sema mbele yangu na mbele ya mjomba wake kwamba asipopata udereva hapa, atavuka Rovuma aende Mtwara, ambako nako gesi ilikuwa imeonekana na rafiki yake alishapewa lori. Mie kumfuata nisingeweza. Mama yangu alikuwa haoni, na mtoto wake wa kike ni mimi peke yangu. Tena wanaume wanaovuka mto nilikuwa nawajua. Waume wa dada zangu wa mtaani walivuka vivyo hivyo, kwa maneno matamu, na hao dada mpaka leo wapo kwa mama zao.

Sasa nje ya mji, mbele kidogo ya mashamba ya mihogo, kulikuwa na eneo kubwa lililosafishwa kwa ajili ya kambi ya wafanyakazi wa gesi. Walilimwagia changarawe, wakalishindilia vizuri, halafu kazi ikasimama na uwanja ukabaki bure. Vijana wa serikalini waliohamishiwa kwetu kutoka kusini wakaugeuza mahali pa kuchezea magari. Jumapili wanapanga mapipa matupu, wanazunguka, wanashindana, wanarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Wakatangaza siku moja kubwa, kila mwenye gari aje, na masharti wakayataja: siti za nyuma zitolewe, dereva awe peke yake. Habari iliyotufikia nyumbani ikawa na nyongeza. Shefe, yaani mkubwa wa usafiri wa kambi, naye atakuja, anatafuta madereva, na anataka kuwaona wakiwa kwenye usukani kabla ya kuangalia karatasi zao.

Mume wangu kusikia vile hakula vizuri tena. Kuendesha alikuwa anajua, hilo hata adui yake angekubali. Tabu ilikuwa gari. Springi zake zilikuwa zimelegea kwa kubeba watu miaka na miaka, na ukiingia kona kwa kasi linalala upande mpaka tairi linalamba bodi. Akaenda kwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa na banda la mabati karibu na soko, limejaa vyuma vya magari yaliyokufa tangu enzi za Wareno. Akatandika gunia, akaweka chini springi za aina tatu. Zetu wenyewe, zilizooshwa kwa mafuta ya taa. Nyingine za gari dogo lililopinduka njia ya Mocímboa, waya wake mnene kidogo kuliko za kwetu. Na za mwisho zilitoka kwenye pikapu ya mizigo, waya mnene kuliko kidole gumba changu. Akatueleza kwamba springi laini inakubembeleza lakini kwenye kona inakulaza, na springi ngumu hailali ila inakurudishia kila jiwe ulilokanyaga, kwa hiyo kazi yote ni kujua ukomee wapi. Mume wangu alikuwa anazitamani zile za katikati. Alizishika, akazikandamiza kwa goti, akazirudisha, akazishika tena.

Lakini mjomba alikuwa na kipimo chake. Unapakia gari, kisha unaingiza ngumi kati ya tairi na bodi. Ngumi isipopita, springi hiyo ni laini. Zikipita mbili, ni ngumu. Ikipita moja, imekaa sawasawa, funga boliti. Magari karibu yote ya Palma yalikuwa yamepimwa kwa ngumi ile, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Tukaitwa tupande. Mie mbele, wifi zangu wawili nyuma, na jirani yetu muuza mandazi, ambaye peke yake alikuwa abiria wawili. Kwenye buti wakaweka gunia la mchele. Tulicheka siku ile jamani, tulicheka mpaka mjomba akatukaripia kwamba tunamtikisia gari. Springi za zamani, ngumi haikuingia kabisa. Za katikati, zikaingia vidole tu. Akafunga zile za pikapu, akatupandisha tena, akainama, ngumi ikapita moja, sawasawa. Akainuka anajipangusa magoti, ameridhika.

Mume wangu akatupeleka njia ya Nhica kulijaribu. Kwenye kona ya kwanza hakupunguza, na muuza mandazi akaanza kutoa shahada kwa sauti. Gari halikulala. Lilikata kona limetulia, tukapita kwenye makorongo kama tumekaa kitandani. Mume wangu akanigeukia.

"Weye unaonaje?"

Nikamwambia ndizo hizi, asihangaike tena. Sikumdanganya. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye gari lile likiwa tamu namna ile, na yeye alikuwa anatabasamu peke yake, na mie moyoni nikasema huyu haendi Mtwara.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Hakuna kati yetu aliyekuwa mjinga. Masharti tuliyasikia sote, dereva peke yake, siti nje, na bado hakuna aliyeuliza mbona tunamjazia gari mtu anayekwenda kuendesha tupu. Sisi gari tupu tulikuwa hatulijui. Kwetu gari likipita halina watu, ujue limeharibika au linakwenda kuchukua maiti. Kupima gari bila watu ingekuwa sawa na kupima sufuria bila kuweka chakula, na mjomba hata leo ukimwamsha ghafla atakupimia vile vile.

Jumapili ilipofika alitoa siti asubuhi na kutangulia polepole kwenye njia ya mchanga ya kwenda uwanjani, sisi tukafuata kwa miguu. Tulipofika uwanjani nikaliona gari limesimama, nyuma juu juu. Wifi yangu mdogo akasema leo limevaa viatu virefu. Tukaona limependeza.

Walikuwa wanaenda wanne wanne. Kwenye sehemu ya kunyooka mume wangu aliwaacha wote, na tukapiga vigelegele mapema mno. Alipoingia kona ya kwanza gari likaruka. Sisemi liliteleza, liliruka, tairi likashika chini, likaachia, likashika, na kila lilipoachia lilikuwa linasogea nje, mpaka likapiga pipa. Ile changarawe ilikuwa na vijituta vidogo, vya kumbembeleza mtu akiwa na springi za kawaida, na gari letu likawa linavidundia kimoja kimoja. Kichwa cha mume wangu nilikiona kinagonga paa. Kona ya pili hivyo hivyo. Karani mmoja wa serikali, kijana wa Nampula mwenye kigari ambacho hakijaguswa hata boliti, alimpita taratibu kama anakwenda sokoni. Watu wakacheka. Mie nilikuwa nimeshika mkono wa wifi yangu, naye baadaye alinionyesha alama za kucha.

Akamaliza wa mwisho. Shefe alichagua wawili, na kwa adabu yake, kwa maana alikuwa mtu wa adabu sitamsingizia, akamwendea mume wangu kumpa mkono. Kireno cha mume wangu kilikuwa cha darasa la nne, kwa hiyo yule karani akatafsiri.

"Anasema wewe ni jasiri, lakini kazi yetu sisi ni kubeba watu. Wanataka mtu anayeweza kulituliza gari."

Mtu aliyebeba watu tangu kabla hajaota ndevu, na hajamwangusha hata mmoja. Angeweza kusema. Mie nilitaka kusema, nikaanza kabisa kusogea, naye akanitazama nisimame. Akajibu obrigado, asante, basi.

Tukapanda kurudi. Siti hazikuwepo, wanawake wakatandika khanga na kukaa chini, mjomba akabanana nao, mie mbele. Tulipoacha mchanga na kushika njia kubwa, mume wangu akakanyaga mafuta kwa hasira, na kona ikaja, na gari likaipita limetulia tuli. Ikaja nyingine. Tuli. Mjomba akasema simamisha. Akashuka, akapiga goti, akaingiza ngumi kwenye tairi. Ikapita moja. Akabaki pale chini, mkono ungali ndani.

"Mjomba," akamwambia mpwa wake, "tumepima gari lenye watu."

Mume wangu akageuza. Hakutuuliza. Aliendesha kurudi uwanjani, na mie nikajua anachotaka, nikawa naomba Mungu shefe awe bado yupo, hata kwa kuzungumza na mtu, hata kwa kujisaidia porini. Gari lake halikuwepo. Vijana walikuwa wamekwisha kukusanya mapipa, na mlinzi alikuwa anakunja kamba ametupa mgongo.

Akazunguka hivyo hivyo. Kona zile zile, na wanawake wanne, na mzee mmoja, na mapipa yenyewe hayapo, lakini yeye aliyakumbuka yalipokuwa. Sijapata kuona gari linaendeshwa vile. Kule nyuma hakuna aliyepiga kelele wala kuyumba. Muuza mandazi alikuwa analia, na sidhani kama alijua kwa nini. Alipomaliza alizima moto akakaa na mikono kwenye usukani, na mie nilikuwa na la kumwambia, lakini mjomba wake alikuwa nyuma na wifi zangu nyuma, nikaona haya. Nikangoja tufike nyumbani. Nyumbani kulikuwa na watu wamekuja kutupa pole.

Alivuka mto mvua zilipoanza. Gari akamwachia mjomba, mjomba akalirudishia springi zake za zamani. Mwanzo alikuwa anapiga simu kila wiki, halafu kila mwezi, halafu siku za Idi. Nilikuja kusikia kwa watu kwamba ana mke huko, na aliponipigia sikumgombeza, ingawa watu wanaonijua mie hawatasadiki. Akanipa habari zake. Anaendesha basi la wafanyakazi, amepewa sare, na mkubwa wao anamwita yeye akiwa na wageni. Nikamwuliza kama anarudi. Akasema, "Huku mwenzio nimeonekana."

Nikamwambia mie nilimwona. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

"Najua," akasema, na simu ikakatika, au aliikata mwenyewe. Sikumpigia kumwuliza.